Hachibeki Kali ya Kila Siku: Ipi Tabia, Upi Ugonjwa

Kabla hujafungua boneti wala kumpigia fundi, jibu swali moja: gari lilikuwa hivi tangu siku ulipolichukua, au limeanza juzi?

Hachibeki kali ni gari dogo la kawaida lililopewa injini ya kukimbia, springi ngumu na tairi za ukuta mfupi. Golf GTI ya mwaka 1976 ilikuwa na nguvu za farasi 110 tu, na ilitosha kuwaaibisha wenye magari makubwa. Fiesta ST ya silinda tatu, iliyotengenezwa hadi 2023, ilikuwa na farasi 200, na leo GR Yaris, silinda tatu vilevile, ina zaidi ya 250. Magari hayahaya ndiyo yanayopeleka watoto shule asubuhi na kukaa foleni jioni. Yana kelele zake, mitetemo yake na nongwa zake ambazo si ubovu. Kinachosumbua ni kwamba ubovu wa kweli nao huanza kwa sauti ndogo kama hizo.

Nimepanga kwa dalili, kwa sababu dereva huanza na dalili, hajui jina la kifaa. Dalili ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, maana ndiyo inayokula fedha za watu bure.

Halivuti kama zamani

Kama gari lako halina tabo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, angalia kwanza unalidai nini. Civic Type R ya 2001 ilitoa farasi wake 200 kwenye mizunguko 7,400 kwa dakika. Chini ya 4,000 ni gari la kawaida kabisa. Mtu aliyezoea tabo akilipanda hulalamika kwamba "chini ni zito". Zito ndivyo lilivyo. Lizungushe.

Kwenye gari la tabo, tazama nguvu zinapoteaje. Zikikatika ghafla, taa ya injini ikawaka na gari likagoma kupanda resi (mizunguko ya injini), kompyuta imejilinda. Ukizima na kuwasha upya nguvu zinaweza kurudi, lakini usishangilie, kilichosababisha bado kipo. Soma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta, kwa mashine na uiandike mahali kabla ya kufuta chochote. Fundi anayefuta kodi kwanza ndipo aulize tatizo ni nini amekwisha kufuta ushahidi.

Zikipungua polepole, na ukikanyaga unasikia mluzi au pumzi "fuuuu" upande wa injini, hewa inavuja. Tabo inaisukuma vizuri, ila inatokea njiani kabla ya kufika kwenye silinda. Mimi niliwahi kuambiwa, "Kaka, tabo imekwisha, tafuta nyingine." Nikaomba siku mbili za kufikiri. Mzee mmoja anayetengeneza magari ya aina yoyote yanayomfikia akachanganya maji na sabuni, akapuliza hewa ya kompresa kwenye mfumo kwa presha ndogo, akapaka povu kwenye mipira yote. Mapovu yakatokeza chini ya mpira unaoingia intakula (kipoza hewa ya tabo), mahali klampu ilipolegea. Kazi ikaisha kwa bisibisi. Kabla ya kukubali neno "tabo", mipira, klampu, intakula yenyewe na ile valvu inayoachia hewa unapoondoa mguu kwenye mafuta vyote viwe vimepimwa. Valvu hiyo mara nyingi ina ngozi ya mpira ndani, na ngozi hiyo huchanika.

Nguvu zikija kwa kukatakata, gari likitikisika unapokanyaga kwenye gia ya juu, injini inamisi, yaani silinda fulani inakosa kuwaka. Hapa wengi hudanganyika kwa sababu gari likisimama linanguruma vizuri kabisa. Sababu ni kwamba cheche hupata taabu kuruka hewa ikiwa imeshindiliwa, na tabo kazi yake ndiyo hiyo, kushindilia. Plagi iliyochakaa inatosha kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa), lakini ikibanwa inashindwa. Injini nyingi za tabo hutaka mwanya wa plagi wa milimita 0.7 hadi 0.8 hivi, kitabu cha gari ndicho chenye namba yako. Plagi zikiwa mpya na bado linamisi, hamisha koili ya silinda inayolalamikiwa uipeleke silinda nyingine. Kodi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu, na hukulazimika kununua zote. Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzimika wakati gari linamisi, toa mguu na usimame mapema. Petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, kisafisha moshi cha ekzosti, na kuwakia humo, na katalisti ni ghali kuliko koili zote kwa pamoja.

Gari likiwa zito siku za joto kali na jepesi alfajiri, usitafute fundi. Hewa ya moto ina oksijeni kidogo, na kompyuta hurudisha nyuma muda wa cheche ili kulinda pistoni. Hali hiyohiyo hutokea ukitia petroli ya oktani ndogo. Magari mengi ya aina hii hukubali 95 lakini yalipimiwa farasi wake kwa 98. Kama unatia 95 na hukanyagi sana, utapoteza kidogo tu. Ukisikia mlio kama punje zinazomwagika kwenye bati unapopanda mlima, hapo punguza mzigo na ubadilishe petroli.

Mgonjwa mwingine hutikisika asubuhi tu, dakika mbili tatu za mwanzo, kisha anatulia. Kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli kama zamani. Mvuke wa oili unatua juu yake na kuungua kuwa masizi magumu. Dawa za kutia kwenye tangi haziwezi kufika huko, hata chupa ikiandikwa nini. Kinachosafisha ni kufungua na kusugua, au kupuliza unga wa maganda ya jozi kwa hewa. Injini zenye sindano za aina mbili, nyingine ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa, huathirika kidogo.

Tabo yenyewe ije mwisho kabisa. Ikiwa imekufa kweli itakuambia: moshi wa bluu ukikanyaga baada ya kushuka mlima, mlio kama king'ora unaopanda na resi, na mhimili wake ukicheza kwa vidole mpira wa hewa ukitolewa. Mchezo mdogo wa pembeni ni kawaida. Mapanga yakigusa ukuta, imekwisha.

Inagonga ukikanyaga kwenye gia ya juu

Uko gia ya tano, mizunguko 1,500, unataka kupita lori, unakanyaga hadi chini. Unasikia mlio mmoja mzito wa kugonga, labda miwili. Usirudie. Injini ndogo za tabo zenye kupuliza petroli ndani ya silinda zinaweza kuwaka kabla ya cheche katika hali hii hasa, resi chini na mzigo mkubwa, na mlipuko huo unaweza kuvunja pistoni. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba vipimo vya oili vilibadilishwa kwa ajili yake: API SN Plus ilitoka 2018, API SP ikafuata 2020, zote zikipimwa kwa kuzuia uwakaji huo. Kama chupa ya oili unayotumia haina moja ya alama hizo, wala idhini ya mtengenezaji wa gari inayolingana nazo, badilisha oili. Kisha shusha gia kabla ya kukanyaga. Ni ajabu kwamba kigari cha kukimbia huumizwa zaidi na dereva mpole mvivu wa gia kuliko na anayekizungusha.

Oili inapungua, au inaongezeka

Kupungua kwanza. Watengenezaji kadhaa huandika kwamba hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida. Mimi kiasi hicho kingeninyima usingizi, lakini kupungua kidogo kwenye injini inayofanyishwa kazi si ugonjwa. Ugonjwa ni kutopima. Taa nyekundu ya oili haikuambii oili imepungua, inakuambia presha haipo tena, na kwa kawaida huo ni wakati wa kuchelewa. Pima kila unapojaza tangi mara ya pili, gari likiwa limesimama sehemu tambarare.

Kuongezeka huwashangaza watu. Kijiti cha kupimia oili kinaonyesha juu ya alama, na ukikinusa kinatoa harufu ya petroli. Hii ni safari fupi: kilomita tatu kwenda, tatu kurudi, injini haijawahi kupata joto la kutosha kuichemsha petroli iliyopenya kwenye oili. Sindano ya joto la maji kwenye dashibodi hufika 90 na kutulia hapo, ila oili yenyewe huchelewa nyuma yake kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo sindano ikifika katikati bado si ruhusa ya kukanyaga. Kila wiki lipe gari nusu saa ya barabara ndefu, na ubadilishe oili mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu. Kitabu kikisema 15,000, mimi hufanya 8,000. Magari yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosti hufaidika na safari hiyohiyo ndefu, maana kichujio hujichoma na kujisafisha kikipata joto.

Mlio wa cheni ya injini asubuhi, "krrr" ya sekunde moja au mbili kisha kimya, uuchukulie kwa uzito. Pima oili siku hiyohiyo. Ikiwa iko sawa na mlio unarudi kila baridi, kikaza cheni kinachoka, na cheni ikiruka jino valvu zinakutana na pistoni.

Usukani unakunyang'anya mikono

Ukikanyaga kwa nguvu gia ya pili, gari linavuta kushoto au kulia. Magurudumu ya mbele yanaendesha na kuelekeza kwa wakati mmoja, na shafti zake mbili mara nyingi hazina urefu sawa, kwa hiyo nguvu haifiki sawasawa. Hiyo ni tabia. Watengenezaji wamepigana nayo kwa miaka mingi. Focus RS ya 2009, yenye farasi wapatao 300 kwenye magurudumu ya mbele peke yake, ilipewa vifundo maalum vya mbele kwa sababu hiyo, na difrensho ya kugawa nguvu.

Inakuwa ugonjwa pale inapozidi ilivyokuwa. Anza na upepo wa tairi, pande zote mbili, tairi zikiwa za baridi. Halafu tazama kama tairi mbili za mbele ni za aina moja na zimelika sawa. Niliwahi kuona gari "lililoharibika stelingi" likapona kwa kubadilishana tairi mbele na nyuma. Baada ya hapo ni bushi za mkono wa chini, kisha alaimenti. Gari likivuta hata bila kukanyaga, barabara ikiwa tambarare, hilo ni jambo jingine, na mara nyingi ni breki iliyokwama.

Linatetemeka

Jiulize lini. Likitetemeka usukanini kati ya kilomita 90 na 120 kwa saa kisha likatulia ukipita hapo, ni balansi ya magurudumu ya mbele au rimu iliyopinda. Ukihisi kwenye kiti zaidi ya usukani, ni ya nyuma. Likitetemeka unapokanyaga mafuta tu na kutulia ukiachia, jointi ya ndani ya shafti. Ukikata kona kali polepole ukasikia "tak-tak-tak", jointi ya nje. Ukifunga breki tu, ni diski. Mngurumo unaopanda na mwendo na kubadilika unapoyumbisha gari kidogo kushoto na kulia ni beringi ya gurudumu.

Mwambie fundi maneno hayo ya "lini" kabla hajashika spana. Nusu ya kazi imekwisha hapo.

Ni gumu, linagonga, linakula tairi

Gumu ni tabia, lakini kiasi gani? Tairi ya 205/40 R17 ina ukuta wa milimita 82 kati ya barabara na rimu. Huo ndio mto wako wote. Ukipita shimo kwa mwendo, rimu inapinda au ukuta wa tairi unatoa uvimbe kama jipu. Tairi yenye jipu haina tiba, nyuzi za ndani zimekatika. Itoe leo.

Kama unaishi na barabara mbovu, shuka rimu moja. Hakuna jambo lililobadilisha maisha yangu na gari langu kuliko hilo. Mfano: 195/50 R16 ina ukuta wa karibu milimita 98, na kipenyo chake kizima kinatofautiana na cha 205/40 R17 kwa chini ya asilimia 1, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Sharti ni mawili: rimu ndogo ipite juu ya kalipa za breki bila kugusa, na tairi iwe na uwezo wa kubeba uzito na mwendo ulioandikwa kwenye gari. Gari halipendezi kama mwanzo, nakubali. Mgongo wangu haujali.

Ugumu ulioanza baada ya kununua springi fupi si ugonjwa, ni risiti. Shokapu za kawaida hazikutengenezwa kufanya kazi zikiwa zimebanwa muda wote, na zitakufa mapema.

Kugonga kwenye matuta madogo, "kok-kok" kwa mwendo wa pole, mara nyingi ni linki za stabilaiza. Ni za bei ndogo na ni rahisi kubadili, anza nazo. Mlio mmoja mzito wa kugonga unapoanza kuondoka au kufunga breki ni bushi za mkono wa chini au maunti ya injini. Mlio wa springi kujifyatua unapozungusha usukani gari likiwa limesimama ni beringi ya juu ya shokapu. Na kabla ya vyote, toa kila kitu kwenye buti. Nimetafuta mlio wa kugonga wa nyuma kwa miezi miwili, kumbe jeki haikufungwa.

Tairi zikiisha upande wa ndani huku nje zikiwa mpya, ni alaimenti, hasa magurudumu yakitazama nje kidogo kwa mbele. Kwa kuwa upande wa ndani hauonekani ukisimama kando ya gari, piga magoti, au geuza usukani hadi mwisho, uangalie. Wengi hugundua nyuzi zimeshatokeza.

Klachi na gia

Pima hivi: gia ya nne, mizunguko 2,000, barabara wazi, kanyaga mafuta. Resi zikiruka na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Gari lililoongezwa nguvu kwa kubadili programu ya kompyuta huonyesha hili mapema, kwa sababu klachi ilipimiwa nguvu za awali. Ukinunua hachibeki kali iliyotumika, fanya kipimo hiki kabla ya kuzungumza bei.

Likikwaruza kwenye sailensa ukiwa huru na kutulia ukikanyaga klachi, au likigongagonga wakati wa kuzima, tazama flaiwili (gurudumu zito la injini linaloshikana na klachi) ya vipande viwili. Giaboksi zenye klachi mbili za kujiendesha hutetemeka foleni zikitambaa taratibu. Acha nafasi mbele yako, kisha sogea mara moja badala ya kujivuta nusu mita nusu mita. Aina zinazooga kwenye oili zinahitaji oili hiyo ibadilishwe, nyingi karibu kila kilomita 60,000.

Breki

Pedali ikizama baada ya kushuka mlima mrefu, mafuta ya breki yamechemka. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa unyevu wa hewa kiwango cha chini kinachokubalika ni 155, na mafuta haya hunywa unyevu hata gari likiwa limeegeshwa. Badilisha kila miaka miwili, bila kujali kilomita. Kutetemeka kwa pedali si lazima diski "zimepinda". Mara nyingi nyenzo za pedi zimejibandika kwa mabaka baada ya kusimama na mguu kwenye breki za moto. Jaribu kufunga breki kwa nguvu ya wastani mara kadhaa kutoka mwendo wa 80, barabara ikiwa tupu, bila kusimama kabisa. Zikigoma kutulia, ndipo ununue diski.

Kalipa za nyuma hukwama kwenye gari linaloendeshwa kwa upole. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umeipata. Na pengine umepata jibu la petroli pia.

Linakunywa mafuta

Jaza tangi, endesha, jaza tena, gawanya. Namba ya kwenye dashibodi huwa na matumaini. Mguu ukiwa mzito tabo hutaka petroli ya ziada, hilo halina dawa gereji. Lakini kama mguu ni uleule na unywaji umepanda, tazama upepo wa tairi, breki inayokwama, na termostati iliyoganda wazi. Ya mwisho utaijua kwa sindano ya joto inayochelewa kupanda, au kushuka ukiwa barabara kuu.

Mengine ya haraka

Feni ikiendelea kuvuma baada ya kuzima injini ni kawaida. Inapoza kile kilichochemshwa na tabo. Maji yakipungua bila tone chini ya gari si kawaida, na moshi mweupe wenye harufu tamu ni habari mbaya zaidi. Mfumo wa kuzima injini foleni ukigoma kufanya kazi, mara nyingi betri imechoka au safari ni fupi mno kuijaza, na betri mpya iwe ya aina ileile iliyotoka, si ya kawaida.

Bampa ya mbele ikikwaruza kwenye matuta na miinuko ya maegesho, ingia kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, mguu ukiwa nje ya breki ili pua isiiname. Baada ya kila mkwaruzo mkubwa chungulia skrubu za plastiki ya chini. Ikining'inia upande mmoja, ndiyo itakayopigapiga kama bendera ukifika kilomita 100, na utaambiwa ni beringi.